Kompyuta ya Nyumbani Inaposhindwa Kuiona Diski ya Pamoja

Wateja wetu kadhaa hapa Kisumu wana diski ya pamoja nyumbani, yaani kile kisanduku chenye diski ndani kinachounganishwa na ruta ili kila kompyuta ya nyumba hiyo iweze kusoma na kuhifadhi faili humo. Miezi michache baada ya kukinunua hutujia wakiwa na wasiwasi kwamba kifaa kimekufa. Mara nyingi hakijafa. Picha za familia, hesabu za duka na kazi za shule za watoto bado zimo humo. Kilichopotea ni njia ya kuzifikia.

Chanzo tunachokutana nacho zaidi huanzia kwenye stima. Stima inapopotea na kurudi, ruta huwaka upya na huenda ikagawa upya anwani, yaani nambari inayokitambulisha kila kifaa kwenye mtandao wa nyumba, kiasi kwamba diski iliyokuwa 192.168.1.20 jana jioni ikaamka asubuhi ikiwa 192.168.1.23. Kompyuta iliyozoea anwani ya kwanza huendelea kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshahama, kisha Windows huonyesha kosa nambari 0x80070035, maana yake njia ya mtandao haikupatikana. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuitengea diski anwani moja ya kudumu. Ni kazi fupi, nasi tunaona fundi yeyote anayeuza kifaa hiki anapaswa kuifanya siku ileile ya kukifunga.

Hakikisha pia kwamba kompyuta haiko kwenye Wi-Fi ya wageni, kwa sababu ruta nyingi huizuia makusudi isivifikie vifaa vya wenyeji.

Jambo la neno la siri ndilo tunalowaomba wateja watusikilize kwa makini zaidi. Vifaa vingi vya zamani viliwekwa wazi, mtu yeyote aingie bila kujitambulisha, tena vikitumia toleo la kwanza la SMB, ambayo ndiyo lugha ya Windows ya kugawana faili. Mnamo Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye udhaifu wa toleo hilo na kufunga faili za kompyuta katika nchi nyingi duniani, kisha kikadai malipo ili kuzifungua. Baadaye mwaka huohuo Microsoft iliacha kuliweka toleo hilo ndani ya Windows 10 mpya. Windows 11 Pro, kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024, hukataa pia kuingia kama mgeni asiye na neno la siri. Ndiyo maana kompyuta mpya inaweza kukataa diski ambayo ile ya zamani iliifungua bila tatizo. Wapo wanaoshauri kulirudisha toleo la kwanza ili mambo yaende. Sisi hatufanyi hivyo hata mteja akisisitiza, kwa kuwa ni sawa na kung'oa kitasa cha mlango kwa sababu ufunguo umesahaulika.

Njia iliyo salama ni kusasisha programu ya diski yenyewe, kuwasha toleo la pili au la tatu la SMB, na kumfungulia kila mwanafamilia jina na neno lake la siri. Baada ya hapo, kwenye kompyuta, fungua dirisha la faili na uandike juu kabisa \\192.168.1.20\familia, ukiweka anwani na jina la folda yako. Ukiulizwa neno la siri, andika lile la diski, wala si zile tarakimu za kufungulia kompyuta asubuhi. Kosa hili dogo limewahi kumgharimu mteja wetu mmoja siku nzima. Njia ikishafunguka, ipe folda hiyo herufi, kwa mfano Z, ili uikute hapohapo kila unapowasha kompyuta.

Malalamiko ya mwendo wa pole nayo tunayasikia, hasa kwa wapiga picha za harusi. Kagua kebo. Kebo ya mtandao ina nyaya 8, na ikiwa ni 4 tu zilizoshika vizuri kwenye kichwa chake, mwendo hushuka kutoka megabiti 1,000 hadi 100 kwa sekunde. Kazi ya gigabaiti 100 ambayo ingemalizika kwa robo saa hivi, kama diski zenyewe hazichelewi, itachukua zaidi ya saa mbili.

Onyo moja linatugusa sana, kwa kuwa tumeona watu wakilia kwa ajili yake. Mteja asiyeiona diski yake mtandaoni huitoa ndani ya kisanduku na kuichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Vifaa hivi kwa kawaida hupanga faili kwa mtindo wa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ambao Windows haiusomi, kwa hiyo Windows huuliza kama uko tayari kuiandaa diski upya ili itumike. Ukikubali, mpangilio unaoonyesha faili zako ziko wapi hufutwa. Jibu hapana, rudisha diski mahali pake ilivyokuwa, na utuletee kisanduku kizima pamoja na ruta.