Sherifu Mkuu wa Uingereza si mkuu wa polisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie neno moja ambalo kurasa za habari za nje za magazeti yetu hulitumia kwa namna inayompotosha msomaji. Neno hilo ni "sherifu". Linapotajwa kuhusu Marekani, msomaji huambiwa kwamba huyo ni mkuu wa polisi wa kaunti, aliyechaguliwa kwa kura, mwenye bastola kiunoni na mara nyingi mwenye jela chini ya usimamizi wake, na maelezo hayo hayana kosa. Kosa huanza pale maelezo yayo hayo yanapohamishiwa Uingereza na Wales, ambako Sherifu Mkuu wa kaunti hana askari hata mmoja, hapigiwi kura na mtu yeyote, halipwi mshahara, na hushika wadhifa wake kwa mwaka mmoja tu. Nimeishi katika kaunti mojawapo ya Uingereza kwa miaka mingi, nami hujitolea katika klabu ya vijana iliyowahi kutembelewa na mwenye cheo hicho, kwa hiyo ninayo machache ya kusema.

Cheo chenyewe kina umri wa zaidi ya miaka 1,000, na ukiuondoa ufalme, hakuna wadhifa mwingine usio wa kanisa nchini humo unaoufikia umri huo. Jina limetokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale, shire, yaani kaunti, na reeve, yaani msimamizi. Sherifu alikuwa msimamizi wa mfalme katika kaunti: jicho lake, mkono wake, na mfuko wake pia. Alikusanya kodi, aliendesha mahakama, aliwakamata wahalifu, na hukumu ya kifo ilipotolewa ni yeye aliyepaswa kuhakikisha imetekelezwa. Kwamba madaraka hayo yalitumiwa vibaya si siri. Mwaka 1170 Mfalme Henry wa Pili aliamuru masherifu wachunguzwe, na wengi wao wakaondolewa. Mwaka 1215 hati mashuhuri ya Magna Carta ilimkataza sherifu kuchukua farasi au mkokoteni wa mtu huru bila ridhaa yake, na katazo la namna hiyo haliandikwi isipokuwa farasi wengi wamekwisha kuchukuliwa. Si ajabu kwamba katika hadithi za Robin Hood, yule jambazi wa msituni aliyewanyang'anya matajiri na kuwapa maskini, adui wa wanyonge ni sherifu wa Nottingham.

Baada ya hapo madaraka yalimtoka moja baada ya jingine. Uongozi wa kijeshi katika kaunti ulihamia kwa afisa aitwaye Lord Lieutenant zama za wafalme wa ukoo wa Tudor, na hadi leo huyo ndiye mwakilishi binafsi wa Mfalme katika kaunti, ilhali Sherifu Mkuu huuwakilisha ufalme katika mambo ya sheria na mahakama. Watu wengi, hata Waingereza wenyewe, huwachanganya wawili hao. Polisi wakapata makamanda wao, magereza yakachukuliwa na serikali kuu, na watu wa mwisho kunyongwa kwa hukumu ya mahakama walinyongwa mwaka 1964. Kazi ya kutekeleza amri za Mahakama Kuu za kudai madeni ilikabidhiwa maafisa wengine mwaka 2004. Karne baada ya karne alivuliwa madaraka hadi akabaki na mavazi: koti la mahameli jeusi au la buluu iliyokoza lenye vifungo vya chuma vinavyometameta, suruali inayoishia magotini, viatu vya bizimu, lesi shingoni, na upanga ubavuni. Wanawake hushona vazi lao kwa kufuata mtindo huohuo, nao si wageni katika cheo hiki kama inavyodhaniwa, kwa kuwa Mfalme John alimteua Nicholaa de la Haye kuwa sherifu wa Lincolnshire mwaka 1216, na mwaka uliofuata mama huyo akaongoza ulinzi wa ngome ya Lincoln ilipozingirwa.

Namna wanavyoteuliwa inastahili kusimuliwa, maana ndiyo sehemu ambayo wageni huicheka kabla ya kuielewa. Kila mwezi wa Novemba majina ya waliopendekezwa, matatu kwa kila kaunti, husomwa katika jengo la Mahakama Kuu mjini London. Mwezi Machi orodha hupelekwa mbele ya Mfalme katika Baraza lake la Ushauri, naye, badala ya kutia saini, hutoboa tundu kando ya jina kwa shazia ya fedha. Hadithi inayopendwa husema kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa bustanini akidarizi alipoletewa orodha, na kwa kukosa kalamu akatumia sindano aliyokuwa nayo mkononi. Hadithi hiyo ina dosari moja, nayo ni kwamba orodha za wakati wa babu yake, Henry wa Saba, nazo zina matundu. Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni kwamba wadhifa huu ulikuwa wa gharama, matajiri waliukwepa, na wino juu ya ngozi ya ndama hukwanguka ilhali tundu halizibiki. Kaunti chache zina utaratibu wao, kama Cornwall, ambako mteuzi ni Duke wa Cornwall, cheo cha mwana mkubwa wa mfalme aliye mrithi wa kiti, na Lancashire, Greater Manchester na Merseyside, ambazo orodha yao hupitia milki ya Lancaster, yaani mali ya urithi ya mfalme mwenyewe. Jumla yao ni masherifu wakuu 55.

Kabla ya kuanza kazi mteule hutoa tamko mbele ya hakimu au jaji. Tamko hilo limo katika Sheria ya Masherifu ya mwaka 1887, na ndani yake huahidi kwamba atamtendea haki maskini kama tajiri katika kila jambo la wadhifa wake, na kwamba hatamdhulumu mtu kwa ajili ya zawadi, upendeleo wala chuki. Nilipolisikia mara ya kwanza nilijiuliza ahadi hiyo ina maana gani kwa mtu asiye na uwezo wa kumdhulumu yeyote. Nimekuja kuona kwamba swali langu lilikaa upande usio sahihi.

Kazi za heshima nitazipitia kwa ufupi. Sherifu Mkuu huwapokea majaji wa Mahakama Kuu wanapokuja kusikiliza kesi katika kaunti na huangalia hali yao wakiwa huko. Huhudhuria ziara za kifalme. Kwa mujibu wa sheria yeye ndiye msimamizi wa uchaguzi wa wabunge katika majimbo ya kaunti, ingawa kazi yenyewe hufanywa na maafisa wa halmashauri, naye mara nyingi hubaki na heshima ya kutangaza matokeo. Mfalme mpya anaporithi kiti, yeye huwasomea watu wa kaunti tangazo rasmi, na tarehe 11 Septemba 2022, siku tatu baada ya kifo cha Malkia Elizabeth wa Pili, masherifu wakuu walisimama kotekote nchini kumtangaza Charles wa Tatu.

Ipo moja, hata hivyo, ambayo nataka nikae nayo kidogo. Sheria ya mwaka 1826 inamruhusu jaji kuamuru kwamba mwananchi aliyesaidia kwa ujasiri kukamatwa kwa mhalifu alipwe zawadi kupitia kwa sherifu wa kaunti. Fedha zenyewe ni kidogo. Lakini mtu aliyemkimbiza mnyang'anyi barabarani, au aliyemshika mwenye kisu mpaka polisi wakafika, hualikwa mahakamani, mahali ambapo kwa kawaida husomwa mabaya ya watu, na mbele ya jaji na jamaa zake hukabidhiwa cheti na Sherifu Mkuu aliyevaa vazi lake lote. Angekabidhiwa karatasi hiyo na karani dirishani ingekuwa karatasi. Mavazi yale ya kizamani ndiyo yanayomwambia kwamba si mtu mmoja anayemshukuru, bali kaunti nzima pamoja na ufalme unaosimama nyuma yake.

Siku nyingine nyingi za mwaka upanga hubaki nyumbani. Sherifu Mkuu aliyetembelea klabu yetu, mama wa makamo, alifika amevaa koti la mvua na beji ndogo tu ya cheo chake. Hakutoa hotuba. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kwa muda unaokaribia saa mbili, akawauliza vijana ni saa ngapi za usiku wanazoziogopa na ni njia zipi wanazozikwepa, maswali ambayo hakuna mtu wa halmashauri aliyewahi kuwauliza mbele yangu. Wiki chache baadaye tulipata mwaliko wa chai, na mezani tulimkuta ofisa wa polisi wa eneo letu, hakimu mmoja wa kujitolea wa mahakama ya chini, na mzee mwenye funguo za ukumbi wa kanisa uliokuwa ukikaa mtupu siku za juma. Mama yule hakumwamuru yeyote, kwa sababu hana amri ya kutoa. Aliwaketisha tu pamoja watu ambao kwa miaka walikuwa wakiandikiana barua, au hawakuandikiana kabisa. Ukumbi sasa tunautumia jioni mbili kwa juma.

Hiyo ndiyo kazi ambayo masherifu wengi wa siku hizi wameifanya kuwa kiini cha mwaka wao: kuwatembelea polisi, zimamoto, wafanyakazi wa magereza na wa mahakama, pamoja na vyama vya hiari, kuwashukuru wasioshukuriwa, na kutoa tuzo kwa miradi midogo. Umoja wao huunga mkono pia shirika la National Crimebeat, linalosaidia miradi ya kuzuia uhalifu inayobuniwa na vijana wenyewe.

Anayeona kazi ya kutembelea kuwa nyepesi amkumbuke John Howard. Mwaka 1773 aliteuliwa kuwa Sherifu Mkuu wa Bedfordshire. Gereza la kaunti lilikuwa chini ya wadhifa wake, lakini desturi ilikuwa kumwachia msaidizi. Yeye akaenda mwenyewe. Humo akawakuta watu waliokwisha kuachiwa huru na mahakama ambao bado walikuwa wamefungwa, kwa kuwa hawakuwa na fedha za kumlipa bwana jela ada zake, naye bwana jela hakuwa na mshahara mwingine. Howard aliwaomba mahakimu wa kaunti wamlipe bwana jela mshahara ili ada ziondolewe. Wakamjibu alete mfano wa kaunti inayofanya hivyo. Akapanda farasi kwenda kuutafuta katika kaunti jirani, na badala ya mfano akakuta dhuluma ileile. Mwaka 1774 alitoa ushahidi mbele ya Bunge, na mwaka huohuo zikapitishwa sheria mbili, moja ya kuwaachilia walioonekana hawana hatia bila ada, nyingine ya afya za wafungwa. Yote hayo yalianzia kwa mtu aliyeamua kuingia mahali ambapo waliomtangulia walimtuma mwingine.

Pamoja na hayo yote, sitakificha ninachokiona kuwa kasoro. Sherifu Mkuu hapati hata senti ya umma. Mavazi, safari, karamu na chai tuliyokunywa hutoka mfukoni mwake. Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba asiyelipwa na serikali hana deni kwa serikali, na kwamba ndiyo maana anaweza kukaa nje ya siasa. Hoja hiyo naiheshimu, lakini haielezi ni kwa nini muuguzi mstaafu au dereva wa basi, ambao huenda wakaijua kaunti kuliko mwenye shamba kubwa, wawekwe mbali na wadhifa kwa sababu ya nauli na mahameli. Vazi linaweza kuazimwa, na katika baadhi ya kaunti sikukuta kinyongo chochote juu ya kufupisha karamu. Kurudishiwa gharama za safari hakutamfanya mtu kuwa kibaraka wa waziri.

Ombi langu kwa dawati lako la habari za nje ni dogo. Mwezi Novemba majina yatasomwa tena London, na Machi shazia itatoboa ngozi. Gazeti lako likiandika lolote kuhusu siku hizo, liandike "Sherifu Mkuu", na neno "polisi" lisitokee katika kichwa cha habari.

Wako mwaminifu,
Msomaji wako aishiye Uingereza