Baba, ng'ombe wa Shangazi wasiuzwe

Texas, 5 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Natumaini mguu wa Mama umepata nafuu, na mvua za vuli zitawakuta mmeshaandaa lile shamba la chini.

Ujumbe wako wa sauti ulionitumia kwa simu ya Dada nimeusikiliza na kuurudia. Nimeona nisikujibu kwa simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu na mtandao wa huko unakatakata. Naomba barua hii isomwe mbele ya Shangazi na mumewe, na binti yao awepo, kabla hawajafanya lolote. Nianze na lililo la haraka: ng'ombe wasiuzwe. Huyo bwana anayetaka alipwe ili amtafutie mtoto chuo Marekani asipewe hata shilingi. Kocha wa chuo akimtaka mkimbiaji humtafuta mwenyewe, na hamtozi mzazi chochote. Kutafuta wakimbiaji ni sehemu ya kazi yangu, kwa hiyo hili nalisema kwa uhakika.

Uliuliza pia kama hii kazi ya kukimbiza watu ndiyo kazi yangu au bado nangoja nyingine. Ndiyo kazi yangu, Baba. Najua ulitamani shahada ile ya uzamili inipeleke ofisini. Ngoja nikueleze ninachofanya, na ndani yake Shangazi atapata majibu yake mengi.

Msimu wa mbio ndefu hauishi. Agosti hadi Novemba ni mbio za nyika. Desemba hadi Machi ni riadha ya ndani, kwenye kumbi zenye uwanja wa mita 200. Kisha tunatoka nje hadi Juni, na waliofuzu wanakwenda fainali za vyuo vya taifa zima. Sheria za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, haziruhusu mwanafunzi azidishe saa 20 za mazoezi kwa wiki, na lazima apate siku moja ya mapumziko. Leo ni siku yao, ndiyo maana nami nimepata nafasi ya kuandika. Siku nyingine saa kumi na moja na nusu alfajiri tuko barabarani, giza halijaisha na upepo wa huku unavuma kama haujawahi kukutana na mlima. Saa mbili wao wanaingia darasani, mimi naingia ofisini. Huko kuna kukata tiketi na kupanga mabasi, kumwandikia mwalimu wa kemia kwamba mwanafunzi wake atakuwa safarini Ijumaa, kuzungumza na daktari kuhusu maumivu ya muundi. Binti wa mbio ndefu akianza kuchoka bila sababu, kabla ya kumwambia aongeze bidii tunampeleka apimwe madini ya chuma kwenye damu. Yapo na mambo ya kike ambayo sitayaandika hapa. Kocha mwenzangu, mama mmoja mwenye busara sana, ndiye anayekaa na mabinti juu ya hayo. Shangazi ajue kwamba yanaangaliwa.

Unakumbuka ulivyotusimulia habari za Gidamis Shahanga wa Katesh, jirani zetu, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, kisha mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982? Alisoma hapa hapa Texas, katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Suleiman Nyambui naye alikuwa pale. Alishinda mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati yake akatuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Kocha wao alikuwa Ted Banks. Katika mbio za nyika timu huhesabiwa kwa nafasi za watu wake watano wa kwanza, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Wakimaliza wa kwanza hadi wa tano jumla ni 15. Mwaka 1981 El Paso walipata 17 kwenye fainali za taifa. Watu wa huku bado wanaitaja namba hiyo. Nyambui baadaye akawa kocha mwenyewe, na akawa katibu mkuu wa chama chetu cha riadha.

Leo wakimbiaji wa mbio ndefu wa El Paso wako mikononi mwa Paul Ereng, Mkenya aliyesoma shule ya Starehe. Alikuja Marekani, chuo cha Virginia, akiwa mtu wa mita 400. Mwaka 1988 akahamia mita 800, na mwaka huo huo akachukua dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul. Emmanuel Korir alipita mikononi mwake pale El Paso, na mwaka 2021 akaichukua dhahabu ile ile ya mita 800 mjini Tokyo. Nikikutana na timu yake kwenye mashindano najisikia vizuri moyoni. Zamani sisi tulikuwa wa kukimbia na Wamarekani wa kufundisha. Sasa mtoto wa Kitale anafundisha, na sioni kwa nini wa Mbulu asifundishe.

Lakini rekodi pekee hazinitoshi kumwita mtu kocha, na hapa nataka unielewe vizuri, Baba. Mwaka 1978 Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State chini ya kocha John Chaplin, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Hakuna aliyefanya hivyo kabla yake wala baada yake. Kenya ikasusia Olimpiki ya 1976 na ya 1980, kwa hiyo hakukimbia Olimpiki hata moja. Kisha pombe ikamshika, akahangaika miaka mingi kwenye miji ya huku. Aliyasimulia mwenyewe hadharani, simsemi vibaya. Alifariki Nairobi Februari mwaka jana. Simlaumu mtu mmoja kwa yaliyompata Rono. Ninachosema ni kwamba kijana wa miaka ishirini na kitu akitolewa kijijini, akapewa sifa na safari na fedha kwa mara moja, anahitaji mtu wa kumwuliza umelala wapi, umekula nini, umempigia mama yako lini.

Chuo hicho hicho baadaye kilimpata Bernard Lagat. Kocha wake alikuwa James Li, mzaliwa wa China. Li hakuwa na haraka naye. Lagat alipumzika Jumapili, na kila msimu ulipoisha alikaa wiki tano bila kukimbia kabisa. Wakafanya kazi pamoja hata baada ya chuo. Mwaka 2007 Lagat akashinda mita 1,500 na 5,000 kwenye mashindano ya dunia ya Osaka, na mwaka 2016 akiwa na miaka 41 akamaliza wa tano kwenye mita 5,000 za Olimpiki ya Rio. Mimi natamani kuwa kocha wa namna ile. Mkimbiaji wangu akifika miaka arobaini akiwa na magoti mazima, cheti chake na nyumba yake, nitajua nilifanya kazi.

Mshahara wangu unatosha, si mkubwa. Nilianza kama msaidizi huku nikisoma uzamili. Chuo kililipa ada na posho ya kula, basi. Hata sasa mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja. Kocha mkuu akiondoka, anayekuja ana haki ya kuleta watu wake, nasi tunafunga mizigo. Mama akiuliza kwa nini bado sijanunua nyumba, mwelezeni hivyo.

Na mwaka huu mambo yamebadilika sana. Mwezi Juni mahakama iliidhinisha makubaliano kati ya NCAA na wanamichezo waliokuwa wamefungua kesi. Sasa chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka huu wa kwanza. Sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kwenye futiboli yao na mpira wa kikapu. Kwetu sisi wa riadha, zamani chuo cha daraja la juu kiliruhusiwa nafasi 12.6 za ufadhili kamili kwa wanaume na 18 kwa wanawake, na kocha alizigawa vipande vipande kama Mama anavyogawa kuku mmoja siku ya wageni. Ukomo huo umeondolewa kwa vyuo vilivyojiunga na mpango mpya, lakini umewekwa ukomo wa watu: 45 kwenye riadha, 17 kwenye mbio za nyika. Nafasi zimepungua. Makocha wanatafuta mtu aliyeiva tayari, hawana subira na anayeanza. Binafsi naona hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu wengi wa wale niliowataja hapo juu walifika huku wakiwa bado wabichi.

Sasa nizungumze na binti mwenyewe.

Mwanangu, ile video ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nimeitazama mara nyingi, na si kwa sababu ya ushindi wako. Mwishoni, wakati mnapasha misuli, uliruka ule mfereji wa pembeni bila kufupisha hatua. Hukuutazama hata. Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa namfundisha binti mmoja wa huku kuruka maji. Kiunzi cha wanawake kina sentimita 76.2, na hakianguki kama vile vya mbio fupi. Ukikigonga, wewe ndiye unayeanguka. Kwenye mita 3,000 unaruka viunzi 28, na maji mara 7. Unakanyaga juu ya kiunzi kwa mguu mmoja, unakunja goti ili kichwa kisipande, unajisukuma kwenda mbele badala ya juu, unatua kwa mguu mmoja maji yanapokuwa machache, na hatua inayofuata iko pakavu. Tulianza kwenye shimo la mchanga bila maji. Binti yule ana mapafu mazuri kuliko wote kwenye timu, lakini akikaribia kiunzi alikuwa anakanyagakanyaga hatua ndogondogo, mwendo wote unakufa. Nikambandikia utepe mweupe chini, hatua chache kabla ya kiunzi, nikamwambia akiufikia aongeze kasi. Siku za mwanzo akifika pale anasimama kabisa. Alhamisi moja jioni akaupita, akakanyaga, akatua, akaendelea mpaka kona ya pili. Nilipiga kelele mpaka watupa tufe wakageuka. Jambo lile lililomchukua muda wote huo, wewe ulilifanya bila kufundishwa. Mwalimu wako wa michezo aambiwe: viunzi vya mbao vinatosha kuanzia, na asikuruhusu kuruka kwenye ardhi ngumu kila siku.

Mtihani wa kidato cha nne mwezi ujao ni muhimu kuliko mbio zozote utakazokimbia mwaka huu. NCAA wanataka vyeti vya sekondari na wanavihakiki. Kiingereza na hesabu usivipuuze. Tarehe ya kuzaliwa ibaki ile iliyo kwenye cheti chako. Mtu akikuambia ipunguzwe miaka miwili, mkimbie. Ukishamaliza sekondari saa inaanza kuhesabu. Unapewa mwaka mmoja, na baada ya hapo ukiendelea kushiriki mashindano bila kujiunga na chuo unaanza kupoteza misimu. Mbio za barabarani za zawadi ya fedha usiingie kabla hujaniuliza, hata kama zawadi inavutia. Tangu Alphonce Simbu wetu ashinde marathoni ya dunia mwezi uliopita kule Tokyo, najua kila mtaa una mtu anayeandaa mbio na kila kijana anataka kukimbia marathoni. Nilimshangilia Simbu hadi sauti ikanikauka. Lakini wewe marathoni ikae mbali kwanza.

Kwenye timu yangu sitakuleta. Watu wataniona nabeba ndugu, nawe utaogopa kuniambia unapoumia ukidhani utaniaibisha. Nitaandika kwa makocha wawili watatu ninaowaamini. Ikija barua ya ufadhili, Shangazi aniletee kabla ya kutia saini. Nitaangalia inalipia nini: ada, malazi, chakula, bima ya afya. Nitauliza pia nini kitatokea ukiumia mwaka wa pili. Kocha anayekwepa swali hilo hatumpi mtoto. Na kama barua haitakuja, kidato cha tano kipo, na mimi na Dada tutasaidiana ada.

Baba, naomba Dada anitumie muda wa binti kwenye mita 1,500 na 3,000, na aandike kama ulipimwa kwa mashine au kwa saa ya mkono, maana makocha watauliza. Nitapiga simu Jumapili ijayo saa mbili usiku ya huko, Shangazi na mumewe wawe hapo. Ng'ombe nao nitawaulizia.

Msalimie Mama, Mjomba, na wazee wote wa kanisani.

Mwanao