Roketi ni za kampuni, lakini wa kuulizwa ni serikali

Mhariri,

Kila roketi ya kampuni binafsi inaporuka na kurudi ikatua wima, tunaimbiwa wimbo uleule: serikali ni goigoi, kampuni ni hodari, basi zipishwe zifanye kazi. Kuhusu uhodari sina ubishi. Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX ya Elon Musk, inaruka, inatua, inaruka tena, na gharama ya kufika angani imeshuka. Ubishi wangu ni juu ya huko kuzipisha. Waimbaji hawatuambii kampuni ikikosea atabaki nani wa kuiuliza, na ataiuliza kwa nguvu gani.

Wamarekani walionjeshwa jibu Juni 5, 2025. Siku hiyo Rais Donald Trump na Elon Musk walikosana hadharani, wakatupiana maneno mitandaoni dunia nzima ikisoma. Trump aliandika kwamba njia rahisi ya kuokoa mabilioni kwenye bajeti ni kukata ruzuku na mikataba ya Musk. Musk akajibu kwamba SpaceX ingeanza mara moja kukiondoa kazini chombo chake cha Dragon. Saa chache baadaye akayameza maneno yake.

Wakati huo Dragon ndicho kilikuwa chombo pekee cha Marekani kinachopeleka wanaanga kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu na kuwarudisha. Mwenzake, Starliner cha Boeing, kilikuwa kimerudi kitupu Septemba 2024 kwa hitilafu, na wanaanga wawili waliokwenda nacho kwa safari ya siku nane hivi wakakaa huko zaidi ya miezi tisa. Kwa hiyo mpango mzima wa taifa kubwa la kuwafikisha watu wake angani ulining'inia kwenye hasira za mtu mmoja kwa jioni moja. Wabunge hawakuulizwa chochote. Walisoma habari kwenye simu kama mimi na wewe.

Watetezi watasema mkataba wa bei isiyobadilika humlinda mlipa ushuru, kampuni ikizidisha gharama ni shauri yake. Mwaka 2014 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, iliipa Boeing mkataba wa kubeba wanaanga wa dola bilioni 4.2 na SpaceX dola bilioni 2.6 kwa masharti hayo hayo. Ni kweli Boeing imeumia. Imepoteza zaidi ya dola bilioni mbili zake yenyewe kwenye Starliner. Lakini Novemba 2019 mkaguzi mkuu wa NASA alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba shirika hilo lilikubali kuiongezea Boeing dola milioni 287.2 juu ya bei hiyo "isiyobadilika", na kwamba sehemu kubwa ya nyongeza haikuwa na ulazima. SpaceX haikupewa nafasi ya kuleta pendekezo lake. Kisa? Maofisa kadhaa walimweleza mkaguzi kwamba walitaka Boeing isiuache mradi. Mteja akiogopa kuachwa na fundi wake, bei imeshamtoka mikononi, hata mkataba uwe umeandikwa vizuri namna gani.

Tuje kwenye sheria, maana hapo ndipo panaponikera zaidi. Tangu 2004 Bunge la Marekani limeizuia mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, kuweka kanuni za kumlinda abiria wa chombo cha angani. FAA inalinda walio chini na walio kwenye ndege nyingine. Abiria mwenyewe hutia saini kwamba ameelezwa hatari na kwamba serikali haijakithibitisha chombo hicho kuwa salama. Tuliambiwa ni kipindi cha kujifunza tu, sekta bado changa. Kingeisha 2012, kikasogezwa hadi 2015, kisha 2023, na mwaka 2024 kikasukumwa hadi Januari 1, 2028. Mtoto aliyezaliwa 2004 ana kitambulisho cha taifa leo, ila sekta hii bado inanyonya.

Na ameshakufa mtu. Oktoba 31, 2014 SpaceShipTwo, chombo cha kubeba watalii angani, kilikatika vipande juu ya jangwa la Mojave na rubani mmoja akafariki. Wachunguzi walimlaumu mtengenezaji kwa kutoliona kosa la rubani mapema, lakini hawakuiacha FAA: walisema wataalamu wake walikuwa na presha ya kumaliza maombi kwa muda uliowekwa, na baadhi ya maswali yao yalichujwa na wakubwa kabla ya kuifikia kampuni.

Septemba 2024 FAA hiyohiyo ilipendekeza kuitoza SpaceX faini ya dola 633,009 kwa madai ya kukiuka masharti ya leseni. Kwa kampuni ya ukubwa ule hiyo ni chenji. Musk alitishia kwenda mahakamani na akamtaka mkuu wa FAA, Mike Whitaker, ajiuzulu. Whitaker aliondoka Januari 20, 2025, siku Trump alipoapishwa, ingawa muhula wake ulikuwa wa miaka mitano na alikuwa hajamaliza hata miwili. Musk, aliyekuwa ametoa zaidi ya dola milioni 250 kwenye uchaguzi huo, akaingia Ikulu kama mshauri wa kupunguza watumishi wa serikali. Siku nne kabla ya kuapishwa huko, Starship, roketi kubwa ya SpaceX, ilikuwa imesambaratika juu ya Karibiani, vipande vikaanguka visiwa vya Turks and Caicos na ndege za abiria zikabadilishiwa njia. Machi ikasambaratika nyingine. Mei, FAA ikaongeza idadi ya safari za Starship kutoka Texas kutoka 5 hadi 25 kwa mwaka. Huenda kibali hicho kilistahili. Tatizo ni kwamba hakuna tena njia ya kujua kama FAA ilikuwa na uhuru wa kukataa.

Msomaji ataniuliza haya ya Marekani yananihusu nini. Desemba 30, 2024 pete ya chuma ya upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni sehemu ya roketi. Wanakijiji waliujua uzito wake kabla ya kumjua mwenyewe. Mkataba wa kimataifa wa 1967 unasema wazi kwamba nchi ndiyo inayobeba dhamana ya shughuli za angani, hata zikifanywa na kampuni binafsi. Nchi isiyoweza kuibana kampuni yake itatujibu nini sisi?

Isitoshe, huku kwetu Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka majukwaa ya baharini kati ya 1967 na 1988. Setilaiti ya Uhuru iliondokea hapo Desemba 12, 1970. Ikweta iko karibu, na bahari iko wazi upande wa mashariki, kwa hiyo mwekezaji wa kuutaka ufuo huo hatakosekana. Akija, mkataba usomwe bungeni kabla ya saini, si baada. Kiwango cha bima kiandikwe ndani ya leseni. Na wavuvi wa Ngomeni waambiwe mapema nani atawalipa siku ambazo bahari itafungwa kupisha roketi, na ofisi ya kudai ikae Malindi, wasitumwe Nairobi.

Msomaji wenu,
Malindi