Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Opali Katika Kabati Letu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wakusanyaji mawe ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Habari za fedha na ada mhazini amezieleza katika karatasi mlizogawiwa mlangoni, nami sina la kuongeza isipokuwa kuwashukuru waliolipa mapema. Nafasi iliyobaki nitaitumia kuzungumzia opali, jiwe la mapambo ambalo aina zake bora hucheza rangi, kwa kuwa ndiyo iliyotushughulisha zaidi tangu tulipokubaliana kwamba kabati la chama lisibaki la kwatzi, akiki na mawe ya dhahabu ya Chunya peke yake.

Naanza na jambo lililoniuma. Wengi wenu mnalikumbuka bonge la opali kutoka Mezezo, katika eneo la Shewa nchini Ethiopia, lenye ganda la mwamba wa rangi ya kahawia na moyo wa rangi ya chungwa ambao ukiugeuza kidogo ulitoa cheche za kijani. Tuliliweka rafu ya juu, chini ya balbu, ili wageni walione vizuri, na uamuzi huo niliuidhinisha mimi. Mwezi Julai, wakati hewa ya Mbeya ni baridi na kavu, balbu ikawa inawashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Siku moja katibu alipofungua kabati alikuta nyufa nyembamba zimetambaa juu ya moyo wa jiwe kama utando wa buibui. Hakuna aliyeliangusha wala kuligonga. Jiwe lilikauka, likapasuka.

Sababu imo katika asili yake. Opali ni silika, dutu ile ile inayounda mchanga mwingi, iliyoshika maji ndani yake, kwa kawaida kati ya asilimia 6 na 10 ya uzito, na nyingine huzidi hapo kwa mbali. Haina fuwele kama kwatzi, ijapokuwa zote mbili ni silika. Opali yenye rangi zinazocheza imejengwa kwa vitufe vidogo mno vya silika vilivyopangwa safu kwa safu kama machungwa mezani sokoni, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban nanomita 150 hadi 300, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Nuru ikipenya katikati ya safu hizo hutawanyika na kutengana rangi. Vitufe vidogo hutoa buluu tu, na vikubwa ndivyo vinavyoweza kutoa nyekundu, ndiyo maana jiwe lenye nyekundu ni adimu na ghali. Mpangilio huo ulionekana katika miaka ya 1960, wataalamu wa Australia walipoitazama opali kwa hadubini ya elektroni. Vitufe visipojipanga tunapata opali ya kawaida isiyocheza rangi, ambayo kwa mkusanyaji nayo ina thamani yake, na ningependa tuache kuiita takataka.

Mawe ya Mezezo, yaliyoanza kufahamika katika miaka ya 1990, yanajulikana kwa kupasuka. Yale ya Welo, pia nchini Ethiopia, karibu na mji wa Wegel Tena, yaliyopatikana mwaka 2008 katika tabaka la majivu ya volkano, kwa kawaida hustahimili zaidi, lakini yana tabia nyingine: hunywa maji. Tulilithibitisha hilo katika mkutano wa Septemba kwa kipande cha chama. Tulikipima kikiwa kikavu, cheupe kama maziwa, kisha tukakitumbukiza katika glasi ya maji safi. Viputo vidogo vilianza kupanda kutoka kwenye vitundu vyake, kingo zikaanza kupitisha nuru, na kabla hatujamaliza chai jiwe lilikuwa karibu limetoweka ndani ya glasi, rangi zake zimefifia. Tulipolipima tena, uzito ulikuwa umeongezeka. Lilichukua siku kadhaa kurudia weupe wake.

Kwa hiyo nawasihi wale waliozoea kuyapaka mawe mafuta ya alizeti ili yang'ae, msifanye hivyo kwa opali ya Welo. Kinachoingia pamoja na maji hutoka kwa shida, au hakitoki kabisa, kiwe mafuta, sabuni au chai. Wafanyabiashara nao huutumia unywaji huo huo kuyatia mawe rangi, au kuyafukiza moshi hadi yawe meusi yafanane na opali nyeusi za asili za Lightning Ridge, Australia. Ukioneshwa opali nyeusi ya Ethiopia kwa bei ya kuvutia, uliza kwanza imepata wapi weusi wake.

Mwaka huu chama kiliuziwa jiwe moja ambalo halikuwa opali nzima. Lilikuwa utando mwembamba wa opali uliogandishwa juu ya kipande cheusi, na juu yake kuba la kioo. Kwa mbele lilipendeza kuliko mawe yetu yote. Tulipolitazama ubavuni kwa lenzi ya mara kumi, mistari miwili ya gundi ilionekana imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Tumelihifadhi kwa ajili ya mafunzo. Nawakumbusha pia kwamba opali ya kutengenezwa maabara ipo sokoni tangu miaka ya 1970, na mabaka yake ya rangi mara nyingi huonesha vigamba vidogo kama ngozi ya mjusi.

Mwanachama mmoja alituletea jiwe jeupe kutoka kwenye chemchemi za majimoto za Songwe akiamini ni opali. Lilikwaruzika kwa kisu, na tone la asidi lilipodondoshwa likatoa povu; ni mawe ya chokaa, yale yale yanayochongwa kuwa marumaru. Opali haitoi povu, na ugumu wake ni kati ya 5.5 na 6.5 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga madini kutoka 1, laini kabisa, hadi 10, gumu kabisa. Hata hivyo simlaumu, kwa sababu kutafuta nyumbani ni sahihi. Haneti, mkoani Dodoma, hutoa krisoprasi, jiwe la kijani la jamii ya kwatzi, na opali ya kijani iliyotiwa rangi na madini ya nikeli, na ningefurahi kuona vipande vyake vingi zaidi kabatini kuliko vya kununua mbali. Na anayedhani nyanda zetu hazina opali kabisa na apapase jani la mpunga wa Kyela: ukali unaokata vidole hutokana na chembe za silika yenye maji ambazo mmea hujijengea, nazo ni opali, ingawa hakuna sonara atakayezitaka.

Kamati imekubaliana kwamba opali zote zihamie droo ya chini, mbali na balbu na dirisha, na zifutwe kwa brashi laini badala ya kitambaa kikavu, kwa kuwa vumbi letu limejaa chembe za kwatzi, ambayo ni ngumu kuliko opali. Manunuzi yafanyike kwa wenye leseni au katika masoko ya madini, na stakabadhi ikabidhiwe kwa katibu siku hiyo hiyo.

Limebaki suala la kadi, ambalo nimelisema kila mwaka na nitaendelea kulisema. Vipande vitano vya droo hiyo havina maelezo ya mahali vilikotoka. Waliovileta wapo ukumbini, wanakumbuka, na kumbukumbu hiyo ikipotea haitapatikana kwa lenzi wala kwa mizani. Kalamu na kadi ziko mezani kwa katibu. Naomba ziandikwe leo kabla ya kuondoka: mahali, mwaka, aliyelitoa, uzito likiwa kavu, na kama limetiwa rangi au moshi. Bonge la Mezezo nalo lina kadi yake, na tarehe ya kupasuka nimeiandika mwenyewe.

Mwenyekiti,
Mbeya