Tunabishania jina, waliobomolewa wanasubiri

Mhariri,

Majuzi nilihudhuria mkutano hapa Nairobi ambapo vikundi vitatu vya mrengo wa kushoto vilikuwa vimeitana ili vipange kwa pamoja jinsi ya kupinga ubomoaji wa nyumba za maskini. Saa mbili ziliisha tukibishana iwapo tamko letu litaje ujamaa au ukomunisti, na iwapo China ya leo bado ni nchi ya kijamaa. Karibu na mlango alikuwa ameketi mama mmoja aliyebomolewa chumba chake, bahasha ya kaki yenye stakabadhi za kodi ikiwa mapajani. Aliinuka akaenda zake bila mtu kumuuliza lolote.

Siwezi kudai kwamba itikadi ni jambo dogo, kwa sababu historia yetu inanikanusha. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wake wa sera ya uchumi, Nambari 10, ambao Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi, aliutetea kwa ufasaha mkubwa, na jalada lake lilitaja ujamaa wa Kiafrika. Lakini ndani yake fedha za maendeleo zilielekezwa kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, na maeneo kame yakaachwa yangoje. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa rais wakati huo, na mbunge Bildad Kaggia nao walijiita wajamaa. Neno lilikuwa lile lile, na kilichowatenganisha ni swali la nani apewe shamba la mzungu, na kwa bei gani. Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria, alishikilia kwamba asiye na ardhi asiuziwe ardhi iliyokuwa yake.

Tena waliosimama upande huo hawakufanana hata kidogo. Odinga alikuwa mfanyabiashara, Kaggia mtu wa vyama vya wafanyakazi, na Pio Gama Pinto, aliyeuawa Februari 1965, Mkenya mwenye asili ya Goa. Baada ya mkutano wa chama tawala, KANU, wa Limuru, Machi 1966, Odinga na Kaggia waliongoza chama kipya cha upinzani, Kenya People's Union (KPU). Wabunge na maseneta 29 waliohamia KPU walilazimika kurudi kwa wapiga kura Juni mwaka huo na 9 tu wakashinda. Kaggia mwenyewe alishindwa katika eneo bunge lake la Kandara. Chama kilipigwa marufuku Oktoba 1969. Chama hicho kilikuwa na udhaifu wake, na ukabila ulikiumiza sana, lakini aliyekizika ni dola. Sisi tunasambaratika kabla ya askari hata mmoja kuinua rungu, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Juni 2024 vijana wenye mitazamo ya kila aina walijaza barabara kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakalipa kwa maisha yao, na mswada ukaondolewa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake msimamo wake kuhusu Urusi kabla ya kumpa maji ya kunawa machozi ya gesi.

Ninaviomba vikundi vyetu viandike ukurasa mmoja kuhusu ardhi, makazi na mishahara, viutie sahihi, kisha mijadala ya nadharia iendelee katika vikao vyake vya masomo, kwa ukali wowote unaotakiwa. Kwa mkutano ujao nimependekeza kwamba ajenda ya kwanza iwe bahasha ya yule mama, na kwamba aifungue yeye mwenyewe.

Msomaji wako,
Nairobi