Visiwa vitatu kwa siku moja? Labda kwa helikopta

Mhariri,

Mwaka wa kumi na moja huu nasoma gazeti lenu nikiwa Stockholm, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Ila ile makala yenu ya visiwa vya Stockholm, "visiwa vitatu kwa siku moja", imenishinda kuinyamazia.

Ati unadandia boti yoyote pale Strömkajen, gati la katikati ya mji, asubuhi uko Vaxholm, mchana Sandhamn, jioni unaogelea Utö. Nani kamwambia mwandishi wenu? Vaxholm sawa, ni mwendo wa saa moja hivi. Sandhamn iko kule mwisho, bahari kuu inapoanzia. Utö iko kusini kabisa. Wengi wetu tunaiendea kwa treni hadi Västerhaninge, halafu basi, ndipo boti. Visiwa na vijisiwa vya huku vinafika kama 30,000, na havikupanga foleni kumsubiri mwandishi wenu. (Tena kaitaja Utö bila kusema lithiamu iligunduliwa mwaka 1817 kwenye jiwe la hapo, na betri ya simu aliyopigia picha ni hiyo hiyo lithiamu!)

Shemeji yangu wa Tanga alikuja mwezi wa tisa, makala yenu kaitunza kwenye simu kama hati ya kiwanja. Nikamwambia ratiba ya kiangazi imekwisha, boti zimepungua. Akaniona mvivu. Basi tukaenda, tukashuka kwenye gati dogo la mbao, tukala chapati zetu, tukazunguka msituni, saa kumi na nusu tukarudi gatini. Boti ikatokea. Shemeji akapunga mkono, akavua mtandio akaupunga, mwisho akaanza kuita kama anaita daladala. Ikapita zake. Na nahodha hana kosa! Kwenye magati madogo ya huku kuna kibao mlingotini, abiria anakiinua mwenyewe ili boti ijue kuna mtu. Giza likiingia anamulika tochi. Mimi nimezoea magati makubwa, nikasahau. Shemeji ndiye aliyekuwa ametundika mkoba wake kwenye huo mlingoti. Tulikaa hapo kwa muda wa saa mbili na nusu, mvua ya rasharasha, mtandio mmoja watu wawili, na tulipofika mjini alikuwa bado hanisemeshi. Makala nzima, kurasa mbili, kibao hakimo.

Picha ya machweo ndiyo imo, kubwa, na glasi ya juisi. Tangu itoke, mpwa wangu ananiandikia: "Shangazi, kumbe kila wikendi uko baharini, basi nitumie ada." Nasafisha ofisi usiku, mwanangu. Boti napanda mara mbili kwa mwaka, na moja ya mwaka huu imeliwa na shemeji.

Mkiandika tena, chapeni picha ya kile kibao, ukubwa ule ule wa machweo, chini yake neno moja: "Kiinue." Na mwandishi mleteni mwezi wa kumi na moja. Gati nitamchagulia mimi.

Msomaji wa Tanga,
Stockholm