Bia ya bomba imefika Kijitonyama, mbege je?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji. Jumamosi iliyopita mwanangu alinipeleka kwenye baa mpya mtaani kwetu Kijitonyama, pale palipokuwa na nyumba ya vyumba sita na mwembe uani. Nyumba imevunjwa. Mwembe, nashukuru, wameuacha.

Viwanja vya huku vilipimwa miaka ya 1970 kwa mradi wa Benki ya Dunia, pamoja na vya Sinza, na watu wakajenga chumba kimoja kimoja kadiri walivyopata. Sasa wanauza na kuhamia Goba na Madale, na kiwanja kile kile kinapandishwa ghorofa la kupangisha. Silalamikii hilo, aliyeuza amelipwa.

Baa yenyewe ni nzuri. Bia wanapika wenyewe, mapipa ya chuma unayaona nyuma ya kioo. Kijana wa kaunta alinimiminia glasi ndogo nne nionje kwanza, moja ya rangi ya majani makavu, ya mwisho nyeusi kama kahawa. Kisha akaniwekea kimea kiganjani nitafune. Nilitafuna nikanyamaza. Ni ladha ya ulezi wa bibi yangu kule Kibosho, Kilimanjaro, uliolowekwa, ukaachwa uote, ukaanikwa, ukasagwa. Nikamuuliza uchungu wa bia unatoka wapi. Akasema ni maua ya hopsi, yanaagizwa nje. Nikamwambia kwetu uchungu wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, unatoka kwenye magome ya mti wa msesewe. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, maji yake yanachanganywa na uji wa ulezi, na kesho yake watu wanakunywa kwa kata. Yule kijana alisikiliza mpaka mwisho. Alijua namweleza kazi yake mwenyewe.

Sasa, mtaa huu huu mama mmoja alipika mbege uani kwa zaidi ya miaka 20. Siku za msako ndoo zake zilimwagwa mbele ya wateja, na wengine wetu tulitazama tu. Mwenye nyumba alipouza, naye akahama. Leo tunalipa Sh 12,000 kwa glasi moja ya bia iliyopikwa kwa mkono, na tunaisifia hivyo hivyo kwamba imepikwa kwa mkono. Mhariri, jambo hili linaniuma.

Nawaomba wenye baa watenge bomba moja kwa ajili ya mbege, apike mtu anayeijua, alipwe kama mpishi na jina lake liandikwe ubaoni. Mbege haikai, kwa hiyo iwe ya Jumamosi tu. Manispaa nayo iweke masharti ya leseni ambayo mpishi mdogo mwenye jiko safi anayamudu, maana Sheria ya Vileo ya 1968 inazitambua pombe za kienyeji. Hatuombi upendeleo.

Namba ya meneja ninayo. Mama yule yuko Goba, nilimpigia Jumapili baada ya ibada. Amekubali kuja kuzungumza nao, ila amesema ndizi na ulezi atachagua mwenyewe.

Msomaji wako,
Kijitonyama, Dar es Salaam